Bango Namba Tano

Siku ya kusajili kampuni, karani alimuuliza Orrin, "Stallcup na nani?" Orrin akajibu, "Na mke." Karani akaandika hivyo hivyo, na kwa miaka kumi na tisa tukawa Stallcup na Mke, wakata nyasi wa serikali. Naandika haya kwa sababu Orrin alifariki Februari, na yeye mwenyewe hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko sahihi yake. Huko ndiko matatizo yetu yalikoanzia.

Tulikuwa na mkataba wa serikali kuu wa kutunza ufuko wa Ziwa la Sutter Fork, hapa kusini mwa Missouri. Kazi yenyewe ilikuwa kukata nyasi, kuzoa taka, kusimika mabango na kufukuza bata bukini. Bata hao wanalindwa na sheria. Huruhusiwi kuwaua wala kugusa mayai yao bila kibali, unachoruhusiwa ni kuwakera tu. Kwa kazi ya kukera tulikuwa na Tansy, mbwa mchungaji, jike, ambaye hakuhitaji kufundishwa. Ukurasa wa thelathini na moja wa mkataba ulisema kwamba wakati wa ukaguzi bata kwenye nyasi za ufuko wasizidi ishirini.

Kila siku alfajiri Orrin na Tansy walikuwa ufukweni. Ikifika saa tatu asubuhi, bata wote walikuwa ng'ambo ya ziwa, kwenye shamba la mtu asiye na mkataba na mtu yeyote. Orrin alikuwa akirudi nyumbani kunywa kahawa na kuniambia, "Leo tisa tu wamebaki. Wanane na yule kilema." Tansy alikuwa akilala chini ya meza kama mtu aliyetoka kufunga mahesabu ya mwaka.

Kwa hiyo barua ya kwanza ilipokuja mwezi Juni, tulidhani imekosea nyumba. Iliandikwa na Bi Denholm, ofisa wa mikataba kule Kansas City, mwanamke ambaye hakuwahi kuliona ziwa hilo hata kwa picha. Alisema ukaguzi wa siku kumi na nne mfululizo umeonyesha, isipokuwa siku moja, bata kati ya hamsini na sabini, na kwamba tuna siku kumi za kurekebisha hali au kujieleza kwa maandishi.

"Sabini?" nikasema. "Orrin, unahesabu kwa macho gani?"

"Kwa haya haya niliyotumia kukuchagua wewe."

"Ndiyo maana nina wasiwasi. Kaa hapo uandike barua."

"Ya nini? Nitaongea na Lyle."

Lyle Umstead alikuwa mkaguzi wa serikali pale ziwani, mtu mrefu, mpole, aliyetembea na fomu zake kwenye ubao wenye kibanio. Walifahamiana na Orrin tangu ujana. Orrin akamfuata, wakaongea wakiwa wameegemea gari, na akarudi ameridhika. Lyle alikuwa amemwambia kwamba anajua Orrin anafanya kazi vizuri, na kwamba ataliandika jambo hilo. Kwa Orrin suala likaishia hapo.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na serikali kuu atakuwa ameshashika kichwa. Mkaguzi si ofisa wa mikataba. Mkaguzi hutazama na kuandika, basi. Hawezi kukusamehe, hawezi kukuongezea siku, hawezi kubadilisha hata koma. Anayeweza ni mmoja tu, yule mwenye cheti cha kutia sahihi kwa niaba ya serikali, naye anapokea karatasi. Mazungumzo ya kuegemea gari hayamfikii. Nilijua hivyo, na Orrin alijua pia. Lakini alikuwa mtu wa kupeana mikono, na mimi wiki ile nilikuwa kwa dada yangu aliyevunjika nyonga.

Siku kumi zikapita. Ikaja barua ya pili: mkataba umevunjwa kwa kosa la mkandarasi.

Orrin aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Wakati ule tulikuwa na mikataba mingine midogo, njaa isingetuua. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Mwezi Novemba serikali ingefungua zabuni ya kukata nyasi kwenye makaburi ya taifa ya wanajeshi, dakika arobaini kutoka kwetu, ambako mdogo wake Dewey amelala. Orrin alikuwa ameisubiri zabuni hiyo miaka mitano. Kila tulipokwenda kumtembelea Dewey alikuwa akipiga goti, akapima nyasi kwa rula yake ya chuma, na kugeuka kunitazama. "Inchi nne na nusu, Verna. Mkataba unasema tatu. Wamemfanya kichaka."

Na fomu ya zabuni ina swali ambalo huwezi kulikwepa: je, katika miaka mitatu iliyopita umewahi kuvunjiwa mkataba kwa kushindwa kazi? Ukijibu ndiyo, karatasi yako inakwenda chini ya rundo. Ukijibu hapana na ni uongo, unakwenda jela.

"Basi," Orrin alisema. "Dewey atakatiwa nyasi na watu wengine."

"Tuna siku tisini za kukata rufaa," nikamwambia. "Na safari hii anayeandika ni mimi."

Kanuni za baraza la rufaa za mikataba zinaruhusu mshirika wa kampuni kuisemea bila wakili. Kwa hiyo lile neno la karani, "na Mke," likanipa kiti mbele ya jaji. Nikaandika rufaa ya ukurasa mmoja. Nilisema tulifukuza bata, bata waliondoka, na hatujui hao wengine wametoka wapi.

Kuna kanuni nyingine naipenda kuliko zote. Ukishakata rufaa, serikali yenyewe inalazimika kukusanya kila karatasi inayohusu mkataba na kukuletea nakala. Wakili wao, kijana mmoja aitwaye Pruett, alituletea kurasa mia nne na kumi na mbili ndani ya boksi, na barua ya adabu. Nadhani alitaka tuogope uzito. Nikaliweka boksi kwenye meza ya jikoni, nikamenya pichi, nikaanza ukurasa wa kwanza.

Ilinichukua siku tatu kufika kwenye fomu za Lyle. Kila siku ilikuwa na fomu yake. Upande wa kushoto palikuwa na visanduku: urefu wa nyasi, hali ya mapipa, hali ya mabango, idadi ya bata. Visanduku hivyo ndivyo vilivyokuwa vikijumlishwa kwenye jedwali na kupelekwa kwa Bi Denholm. Upande wa kulia palikuwa na safu ya maelezo, ambayo wakaguzi wote duniani huiacha tupu au huandika "sawa."

Lyle hakuwa ameiacha tupu hata siku moja. Alikuwa ameijaza mpaka pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Nilisoma ya tarehe kumi na moja Juni, nikaweka kisu cha pichi chini. Nikasoma ya kumi na mbili. Nikasoma ya kumi na tatu. Nikaanza kucheka peke yangu mpaka Tansy akatoka chini ya meza kuja kuniangalia.

Orrin akaingia. "Kuna nini?"

"Njoo usome alichoandika rafiki yako."

Akasoma. Hakucheka wala hakushangaa, na hapo nikamjua.

"Ulikuwa unajua!"

"Tangu Mei."

"Orrin Stallcup! Tunavunjiwa mkataba na wewe umekaa na jibu mdomoni kama mbegu ya tikiti?"

"Lyle amebakiza miezi sita astaafu," alisema. "Wakijua watamfukuza. Nilimwona kwa macho yangu, nikarudi zangu nyuma ya kibanda."

"Na Dewey je?"

"Lyle ndiye aliyebeba jeneza la Dewey mkabala na mimi." Akakirudisha kiti mahali pake. "Niahidi, Verna. Hutamuuliza habari za mkate."

Tulibishana tangu chakula cha mchana hadi cha jioni. Mwisho nikaahidi. Sikumuuliza habari za mkate, Mungu ni shahidi wangu.

Baraza lilikaa mwezi Septemba, kwenye chumba kilichoazimwa juu ya ofisi ya posta. Jaji alitoka karibu na Washington, mwanamke aitwaye Haverkamp, mwenye mafua na subira. Bwana Pruett alikuwa na viatu vya kung'aa na majedwali matatu ya rangi. Orrin alivaa suti aliyovaa siku ya kumzika Dewey. Tansy tulimwacha garini, kivulini, vioo vimeshushwa.

Bwana Pruett akamwita Lyle.

"Bwana Umstead, hizi nambari kwenye kisanduku cha bata ni zako?"

"Zangu, bwana."

"Ni za kweli?"

"Kila moja. Huwa nawahesabu mara mbili, maana wanasogeasogea."

"Umewahi kuongeza hata bata mmoja?"

Lyle akamtazama kama aliyetukanwa. "Bwana, nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja."

Bwana Pruett akatabasamu, akakaa. Kesi yake ilikuwa imekamilika na hata mimi niliipenda.

Ikawa zamu yangu. Nikasimama na ukurasa mmoja tu mkononi.

"Hujambo, Bwana Umstead."

"Sijambo, Bi Verna. Tansy hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Bi Stallcup," jaji akasema, akijipangusa pua, "salamu za mbwa haziingii kwenye kumbukumbu."

"Samahani, Mheshimiwa. Bwana Umstead, mkataba ulitutaka tusimike mabango mangapi ufukweni?"

"Manane."

"Yameandikwa nini?"

"Usiwalishe ndege."

"Na ulikuwa unakagua hali yake?"

"Kila siku ya kazi."

Nikampa ukurasa. "Hii ni fomu yako ya tarehe kumi na moja Juni, ukurasa wa mia mbili na sita wa jalada la serikali. Tusomee, bango namba tano lilikuwa katika hali gani?"

Lyle akavaa miwani. Alisoma polepole, kama anayesoma kanisani. "Bango namba tano liko imara. Nimeliegemea nikila chakula cha mchana, halikutikisika."

Mtu mmoja nyuma akacheka, nadhani ni karani wa posta aliyepanda kusikiliza.

"Asante sana," nikasema. "Sisi tulitaka baraza lijue kwamba mabango yetu yalikuwa imara. Sina swali lingine." Nikakaa. Orrin alikuwa amefumba macho.

Jaji Haverkamp hakuniangalia mimi. Alikuwa anamwangalia Lyle, ambaye bado alikuwa ameshika karatasi na kuitazama.

"Bwana Umstead, maelezo yako yameishia hapo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yanaendelea."

"Endelea basi."

"Kabla ya chakula, bata tisa. Nimewapa kingo za mkate. Baada ya chakula, bata sitini na wanne. Wanapenda mkate mweusi kuliko mweupe."

Chini tulisikia mtu akigonga muhuri.

"Napinga!" Bwana Pruett akaruka juu.

"Unapinga nini, Bwana Pruett? Hati ni yako."

Bwana Pruett akafungua jalada lake kutafuta ukurasa wa mia mbili na sita. Kwa jinsi karatasi zilivyokuwa zimeshikana nilijua ndiyo mara ya kwanza anafika huko.

Jaji akageukia shahidi. "Kwa hiyo ulikuwa na nambari mbili, tisa na sitini na nne. Kwa nini kwenye kisanduku uliandika sitini na nne?"

"Kisanduku ni kimoja, Mheshimiwa. Na maelekezo ya nyuma ya fomu yanasema, andika idadi kubwa kuliko zote iliyoonekana wakati wa ukaguzi. Na ukaguzi wangu ni kuanzia saa sita mpaka saa saba."

"Na chakula chako cha mchana?"

"Saa sita na robo."

"Uliwalisha siku zote kumi na nne?"

"Zote, isipokuwa ile Ijumaa niliyokula supu. Imo kwenye maelezo. Siku ile walikuwa kumi na mmoja."

"Kwa nini lakini, Bwana Umstead?"

Lyle akavua miwani. "Kingo za mkate zinanishinda kutafuna, Mheshimiwa. Na mama alinifundisha kwamba chakula hakitupwi."

"Chini ya bango linalokataza?"

"Ndipo penye kivuli."

Jaji alishika leso mdomoni muda mrefu kuliko mafua yalivyohitaji. Alipoitoa aliuliza, "Hukuwahi kufikiri kumweleza Bi Denholm?"

"Nimemweleza kila siku," Lyle alisema. "Hata siku Orrin alipokuja kuongea nami niliandika. Ukurasa wa mia mbili na kumi na tisa. Niliandika, mkandarasi anafanya kazi vizuri, bata ni wangu. Nilidhani wanasoma."

Tukiwa njiani kurudi, Orrin ndiye aliyeendesha. Tulipita kanisa, tukapita duka la chambo. Nilikuwa nimejiandaa.

"Uliahidi," hatimaye akasema.

"Niliahidi sitamuuliza habari za mkate. Nilimuuliza habari za bango."

Akaendelea kuendesha. Karibu na daraja mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Akasema, "Ndipo penye kivuli," akapasuka kwa kicheko, ikabidi asimamishe gari kando ya barabara. Tansy akaanza kubweka. Tulikaa pale mpaka polisi wa kaunti aliposimama kutuuliza kama tunahitaji msaada. Nikiulizwa siku gani naikumbuka katika miaka arobaini na moja ya ndoa, naitaja hiyo, si siku ya harusi.

Uamuzi ulikuja wiki tatu baadaye, kurasa sita. Jaji alisema kila upande wa mkataba una wajibu wa kutomzuia mwenzake kutimiza kazi, na kwamba serikali iliyomwajiri mtu kufukuza bata haiwezi kuwaita bata hao kwenye chakula kisha ikamlaumu kwa kuwa wameitikia. Akafuta lile kosa. Mkataba ukahesabiwa kuwa umesitishwa kwa manufaa ya serikali, kama inavyotokea kila siku kwa watu wema. Kwenye ukurasa wa tano alitugusa nasi: barua moja, hata ya mistari miwili, ndani ya zile siku kumi, ingemwokolea kila mtu safari. Nilimsomea Orrin aya hiyo mara mbili. Mara ya tatu akatoka nje.

Lyle hakufukuzwa. Jaji alikuwa ameandika kwamba hajawahi kuona mkaguzi mkweli kiasi hicho, na nadhani waliona aibu kumwondoa mtu kwa kosa aliloliripoti mara kumi na tatu. Walimpa barua ya onyo. Ilikuwa na sehemu ya mpokeaji kuandika maelezo, akaandika, "Imepokelewa. Imeandikwa vizuri." Akastaafu Januari kama ilivyopangwa. Fomu sasa ina visanduku viwili vya bata.

Novemba tulijibu lile swali la zabuni kwa neno moja, hapana, na lilikuwa kweli. Tukapata makaburi.

Orrin aliyakata misimu miwili. Sehemu kubwa alitumia mashine ya kukalia, lakini mstari wa Dewey aliukata kwa mashine ya kusukuma, kisha akapiga goti na rula. Inchi tatu. Hakuna mtu aliyemwagiza kufanya hivyo, na kwenye mkataba haimo.

Naye alikuwa amewahi kuwa mwanajeshi, kwa hiyo walimlaza huko huko, mistari minne kutoka kwa Dewey. Jeneza lilibebwa na watu sita, na Lyle alikuwa mbele kushoto. Mimi peke yangu nisingeweza kuendesha kampuni, kwa hiyo zabuni iliyofuata waliichukua watu wa Arkansas.

Siku hizi nakwenda kila Jumamosi na ile rula. Lyle huja nami, kwa kuwa haendeshi tena gari barabara kuu. Wiki iliyopita nilipiga goti, nikapima mara tatu, sehemu tatu. Inchi tatu na nusu. Nimekwishamwandikia ofisa wa mikataba barua nne tangu Mei, na nasikia ofisini kwake wakiona bahasha yangu huvuta viti kusoma pamoja. Vizuri. Angalau wanasoma.

Kuna kidimbwi chini ya mteremko, na bata bukini wameshakijua. Lyle alikuwa amekaa kwenye benchi na mkate wake uliofungwa kwenye karatasi. Nilimwona mkono ukitoka mfukoni.

"Lyle."

"Nimeangalia, Bi Verna. Hapa hakuna bango."

Nikatazama pande zote. Kweli hapakuwa na bango. Bata watano walikuwa wanapanda mteremko wakipita katikati ya mawe, na wa mbele alikuwa ameshafika kwenye mstari wa Orrin, shingo juu, bila Tansy wa kumkera. Nikafungua daftari langu nikaandika tarehe, urefu wa nyasi na hali ya hewa. Kisha nikaandika, kabla ya chakula, bata watano.

Baada ya chakula sikuhesabu.